Fungu la Chombo

Wiki iliyopita mjukuu wangu Salha alinijia asubuhi na ombi. Salha ni mwalimu. Ndiyo kwanza ameanza kazi, katika skuli moja ya hapa hapa Mpendae, na darasa lake limejaa hata wengine wanakaa chini sakafuni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Babu, nikatie fimbo mbili za mpera. Nyembamba, lakini zisiwe za kuvunjika upesi."

Nikamwambia, "Si juzi tu ulikuwa mafunzoni, ukaja ukanambia fimbo mmekatazwa?"

"Aliyetukataza alikuwa anasomesha watu wazima, ukumbini, chini ya feni," alisema. "Mimi nna watoto, babu. Jana mmoja kamtoboa mwenzake mkono kwa bikari ya kuchorea duara. Nshajaribu kila walichotufundisha. Nshaimba, nshawaweka kwenye vikundi, nshawapa kazi za mikono. Sauti imenikauka. Wananicheka."

Nilichukua panga, nikaenda uani, nikakata matawi mawili, nikayamenya. Kisha, bila ya kuambiwa na mtu, nikavuta seredani iliyokuwa na makaa ya chai, nikazipaka fimbo mafuta ya nazi, nikawa nazipitisha juu ya moto polepole ili zilainike. Mikono yangu ilikuwa ikiijua kazi hiyo kabla ya mimi kuikumbuka. Ikapanda ile harufu, utomvu wa mpera na mafuta yanayoungua, na bega langu la kulia likaanza kuuma pale lilipong'atwa nikiwa mtoto.

Skuli yetu ilikuwa Mji Mkongwe, ghorofa ya juu ya nyumba ya kizamani, yenye boriti za mikoko darini na kuta nene zilizokuwa zikimwaga chokaa kila mlango ulipobamizwa. Madirisha yaliangalia kichochoro chembamba, kiasi cha kusikia wanawake wa nyumba ya pili wakitwanga bizari. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Maalim Fakih, mtu mfupi, msafi, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na meno mazuri. Fimbo zake alizitengeneza mwenyewe, mle mle darasani, juu ya seredani iliyokuwa kando ya meza yake, huku sisi tukinakili hesabu ubaoni. Tukiisikia ile harufu, waliokaa mbele walianza kujikojolea kabla hata hajamwita mtu.

Nilikuwa mkubwa wa mwili kuliko wenzangu wote. Kwa hivyo Maalim alinichagua kuwa mbebaji. Aliyekosa hesabu hakuchapwa akiwa amesimama. Aliletwa mgongoni kwangu, mimi nikainama, nikaishika mikono yake kwa mbele ya kifua changu, naye akachapwa akiwa amelala juu yangu. Watoto waliniita Kitanda.

"Kitanda, tandika!" Maalim alikuwa akisema, na darasa zima likicheka, hata yule aliyekuwa anakuja kuchapwa.

Nasema kweli, nilijivunia kazi ile. Nilidhani ni cheo. Mtoto wa kuli wa bandarini, ambaye hakuna aliyemtuma kitu, leo mwalimu hawezi kufanya kazi yake mpaka yeye awepo. Nilijifunza kila mmoja analia vipi. Mwengine alipumua moto sikioni mwangu, mwengine alimwita mama yake kwa sauti ndogo ambayo mimi tu niliisikia. Fimbo ilipotua, niliipata kupitia kifua chake, kama mtu anapogonga ukuta wa pili nawe umeuegemea. Nikaamini kuwa hivyo ndivyo hesabu zinavyoingia kwa mtu. Mimi mwenyewe sikuwa nikizijua, nikadhani ni kwa sababu sichapwi vya kutosha.

Aliyening'ata alikuwa Mbarouk. Alitoka Mkokotoni, kwa wavuvi wa Kitumbatu, akaletwa mjini kukaa na shangazi yake ili asome. Alikuwa mwembamba, akisema polepole, kwa lafudhi ya kwao, na kila alipofungua mdomo watoto walimwigiza. Siku moja Maalim alimchapa mpaka fimbo ikafunguka nyuzi nyuzi, na Mbarouk, kwa kukosa pengine pa kupeleka yale maumivu, akauma bega langu. Meno yaliingia. Niliona damu ikishuka kwenye shati. Nilipomwachia alianguka chini, akanitazama, akasema, "Nisamehe, Kitanda." Hakuna mtu aliyewahi kuniomba radhi kabla yake. Kutoka siku ile nikaanza kuichukia kazi yangu, na sikujua nimwambie nani.

Kisha Maalim Fakih akapooza upande mmoja, nduguze wakampeleka kwao Fumba, na nafasi yake ikachukuliwa na Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa msichana tu, mara ya kwanza kusimama mbele ya darasa, katoka chuo cha ualimu na kichwa kimejaa mambo mapya. Siku ya kwanza alitoa seredani nje. Fimbo alizozikuta aliweka moja ubaoni ya kuonyeshea namba, nyengine akaziweka juu ya kabati. Akasema, "Mimi sichapi. Ukikosa, tutatafuta pamoja umekosea wapi."

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na hicho kicheko sijakisahau, kwa sababu kilikuwa cha mtoto aliyefunguliwa kamba.

Tulimfanyia mambo ambayo hata sasa naona haya kuyaeleza. Mlango tuliupaka kinyesi cha paka. Kila alipogeuka ubaoni palikuwa na mluzi. Wavulana wawili walipigana darasani mpaka mmoja akang'oka jino, naye alipoingia kati kuwaamua, akapigwa ngumi ya kifua. Wiki ya pili kidau cha wino kilitoka nyuma, kikampata kwenye kipaji cha uso. Alisimama, damu na wino vinamshuka pamoja, akauliza, "Nani karusha?" kwa sauti ile ile aliyokuwa akiulizia hesabu. Mbele ya macho yetu alikuwa mtu asiyejua kazi. Mwalimu anayejua angelichapa. Huyu hachapi, basi hajui. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumesomeshwa.

Mwalimu Mkuu alimwita ukumbini, nje ya mlango wetu, wala hakujali kama tunasikia.

"Mkaguzi yuakuja mwisho wa mwezi," alimwambia. "Akilikuta soko hili, mimi natafuta mwengine mwenye mkono. Wewe utakwenda kusomesha kushona."

"Nipe mpaka siku hiyo, Mwalimu," alisema. "Watazoea. Hawajawahi kuulizwa kitu, ndiyo maana."

"Kuulizwa!" Mwalimu Mkuu akacheka. "Haya. Waulize."

Nami nataka msomaji ajue kwamba mimi nilimpenda mwalimu yule. Tangu aje, mgongo wangu ulikuwa mwepesi. Hakuna aliyenipumulia sikioni. Nilikaa kwenye kiti changu kama watoto wengine, na kwa mara ya kwanza nikaona kilichoandikwa ubaoni. Alitufundisha mafungu kwa mkate wa boflo. Alilikata mbele yetu, nusu, kisha robo, kisha thumni, akatupa tule, na aliyekula akaulizwa amekula fungu gani. Na kila ulipojibu, sawa au si sawa, alisema, "Enhe? Umejuaje?" Halafu akangoja. Hakukusaidia, hakukukaripia. Alisimama na chaki yake, anakutazama kama kwamba hana pengine pa kwenda.

Siku moja aliuliza, "Watu sita wamevua pamoja. Wanagawana samaki wao sawasawa. Kila mmoja atapata fungu gani?"

"La sita! Moja katika sita!" tulipiga kelele.

Mbarouk alinyanyua mkono. "La saba."

Darasa likapasuka kwa kicheko. "Mtumbatu huyo! Hajui hata kuhesabu watu! Rudi kwenu ukavue!" Mtu akamtupia ganda la chungwa kisogoni.

Bi Zuwena hakucheka. "Enhe? Umejuaje?"

Akangoja. Kelele zikaendelea, naye akangoja tu. Mbarouk alitazama miguu yake muda mrefu, mwisho akasema, "Kwetu chombo nacho hula. Chombo kina fungu lake, mwalimu. La kununua kamba, la kuziba kikivuja. Watu sita na chombo, mafungu saba."

Bi Zuwena aligeuka ubaoni, akaandika kwa herufi kubwa: *fungu la chombo*. Alipogeuka tena, uso wake ulikuwa umewaka. "Mmesikia? Huyu kaliona jambo ambalo mimi niliyeuliza swali sikuliona." Nilimtazama Mbarouk. Alikuwa amekaa wima. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa wima.

Lakini ganda la chungwa lilikuwa limetupwa, na kelele zilikuwa zimefika mpaka chini kwa Mwalimu Mkuu. Mimi niliona kelele tu. Mkaguzi alikuwa anakuja. Nikawaza kitoto: mwalimu wetu kila kitu anacho ila mkono, kwa sababu mkono wake ni mdogo. Mimi nna mkono. Kama nilivyomsaidia Maalim, nitamsaidia na yeye.

Nilianzia kwa yule wa kidau cha wino. Nilimvizia kwenye kichochoro cha nyuma, pale maji ya majumbani yalipopita, nikamkamata shingo nikamgongesha uso ukutani mpaka chokaa ikawa nyekundu. Nikamwambia, "Ukipiga mluzi tena nitakuvunja vidole." Akapiga mluzi kesho yake. Nikamvunja kimoja. Nakumbuka sauti yake, ndogo, kama ya kijiti, na nakumbuka kwamba niliporudi nyumbani nilikula wali vizuri sana.

Nikaendelea na wengine. Aliyecheka alipata ngumi ya tumbo. Aliyekuwa akizungumza nilimtia kichwa ndani ya pipa la maji ya skuli, nikamzuia mpaka miguu ikaanza kupiga. Hakuna aliyesema kwao, kwa kuwa kwao wangelimwuliza alifanya nini hata akapigwa. Na darasa likatulia. Ah, lilitulia! Bi Zuwena aliingia asubuhi, akakuta tumekaa, mikono mezani. Mwanzo aliogopa, nadhani. Kisha akaanza kutabasamu.

"Mnaona?" alisema siku moja. "Mnaona kama mnaweza? Nami nilijua."

Nilihisi ananiambia mimi.

Mbarouk nilimwacha mpaka mwisho. Siku mbili kabla ya mkaguzi nilimngoja kichochoroni. Sikuwa na ghadhabu naye, hilo ndilo baya zaidi. Nilitaka tu kuwa na uhakika.

"Siku ya mkaguzi usilete mambo ya kwenu," nilimwambia. "Mambo ya vyombo. Watu watacheka, mwalimu atafukuzwa. Jibu la kitabuni tu."

"Lakini mwenyewe alisema..."

Nikampiga. Alipoanguka nikampiga teke la mbavu, halafu jengine, nikihesabu kama alivyokuwa akihesabu Maalim. Hakulia. Alijikunja tu, akasema, "Nshasikia, Kitanda. Nshasikia."

Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani na sauti ya upole. Alikaa nyuma pamoja na Mwalimu Mkuu. Bi Zuwena alivaa gauni jipya, na alama ya wino kwenye kipaji chake ilikuwa bado haijafutika. Alikata boflo, akauliza, tukajibu. Mmoja mmoja, kwa adabu. Sasa najua mkaguzi alikuwa akiona nini, kwa sababu kila mtoto kabla ya kujibu alinigeukia mimi kwanza. Bi Zuwena alikuwa mbele, na wote walikuwa wakitazama upande wangu.

Kisha akafika pale alipokuwa akipangoja. "Watu sita wamevua pamoja," alisema, na sauti yake ikawa na furaha kabisa. "Mbarouk. Kila mmoja atapata fungu gani?"

Mbarouk alisimama. Alinitazama.

"La sita," alisema.

Bi Zuwena alingoja. "Enhe? Fikiri tena. Umejuaje?"

"La sita, mwalimu. La kitabuni."

"Mbarouk, si wewe uliyetwambia..." Alimsogelea, akanyanyua mkono amshike bega, kwa upole tu, kama mama. Mbarouk akaruka. Alijifunika kichwa kwa mikono miwili, akarudi nyuma mpaka akagonga dawati, na shati lake likapanda. Mbavu zilikuwa nyeusi, na pembeni zimegeuka rangi ya embe bovu.

Mkaguzi alivua miwani. "Bi Mwalimu, mimi niliambiwa wewe huchapi."

"Sichapi," alisema Bi Zuwena.

"Na hii ni nini?"

Mwalimu Mkuu alianza kutabasamu. Hapo nikasimama. Sikulazimishwa. Nilisimama kwa raha, kwa sababu nilifikiri namwokoa.

"Si yeye, bwana. Ni miye. Yeye hawezi, mkono wake mdogo. Miye nnamsaidia."

Nikangoja anishukuru. Bi Zuwena aligeuka akanitazama, kisha akawatazama wengine, mmoja baada ya mmoja, yule mwenye kidole kilichofungwa kitambaa, yule mwenye pua iliyovimba, na nikaona anaelewa kila asubuhi aliyoingia akatukuta kimya. Rangi ilimtoka midomoni.

Mwalimu Mkuu alikwenda kabatini, akateremsha fimbo moja ya Maalim Fakih, akaifuta vumbi kwa kiganja. "Basi muonyeshe nani mwalimu," alisema. "Sasa hivi, mbele yetu. Au nipe funguo za darasa." Akaangalia huku na huku. "Nani atambeba? Wewe wa Mkokotoni. Njoo."

Mbarouk alikuja, akainama. Nikalala juu ya mgongo wake. Nywele zake zilinuka mafuta ya nazi. Bi Zuwena aliishika fimbo kama mtu aliyepewa nyoka. Ya kwanza hata sikuisikia.

"Hiyo unafukuza nzi," alisema Mwalimu Mkuu.

Ya pili ilikuwa na nguvu. Ya tatu ilinitoa pumzi. Halafu kitu ndani yake kikafunguka, na yale yote, wino, mluzi, mlango uliopakwa, furaha yake ya uongo, yakashuka mgongoni mwangu. Alipiga akisema maneno ambayo hayakuwa maneno. Na kila fimbo ilinikandamiza juu ya mbavu nilizozipiga mimi, na chini yangu Mbarouk aliguna kila ilipotua, kwa sauti nisiyopata kuisikia kwake. Tulikuwa tunachapwa wawili kwa fimbo moja. Ndipo nilipojua kilichokuwa kikipita kwa mbebaji wakati wote ule, si hesabu.

Mkaguzi ndiye aliyesema, "Basi, Bi. Basi, imetosha." Alisema zaidi ya mara moja. Bi Zuwena alipoacha, darasa lilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kulifanya mimi. Mkaguzi akatikisa kichwa, akamwambia Mwalimu Mkuu, "Haya, kumbe anaweza."

Bi Zuwena hakufukuzwa. Alibaki, na kwa miaka mingi wazazi wakimsifu kwa watoto wake kufaulu. Alikuwa akichapa vizuri, kwa kipimo, bila ya hasira. Boflo halikukatwa tena. Tulipojibu alisema "sawa" au "si sawa", akapita kwa mwengine. Neno lile la "umejuaje" sikulisikia tena kinywani mwake mpaka nikamaliza skuli. Mimi nilisoma mpaka sekondari, nikafanya kazi bandarini, nikaoa, nikawachapa wanangu kwa fimbo za mpera nilizozitengeneza mwenyewe. Baba yake Salha ni mmoja wao. Hupiga simu sikukuu, husema kwa adabu, hukata.

Hayo nilimweleza Salha, fimbo zikiwa bado mkononi mwangu. Hakukaa kitako, alikuwa na haraka.

"Kwa hivyo alikuchapa, mkatulia," alisema. "Basi babu, si ilifaa?"

"Ilifaa," nikamwambia. "Kila mara inafaa."

Wakati huo Mbarouk aliingia. Ni mzee sasa, anakaa mtaa wa pili, huja kila asubuhi kunywa kahawa nami, tukazungumza mpira na magonjwa. Yale hatujawahi kuyataja. Salha akamwamkia, akampa kikombe, akamwuliza, "Babu Mbarouk, Bi Zuwena alikusomesheni nini?"

Mbarouk alifikiri. "Alisomesha miaka mingi yule. Lakini mimi nakumbuka siku moja tu. Aliniuliza nimejuaje, akaningoja."

"Haya, mjukuu wangu, chukua uende, utachelewa," nilisema, nikanyoosha mkono wenye fimbo kumpa Salha.

Kahawa ilimwagika. Mbarouk alikuwa ameinua bega mpaka sikioni, uso ameugeuza ukutani, mkono mmoja umefunika mbavu. Ilikuwa ni kitambo kidogo tu. Kisha akacheka, akajifuta kanzu. "Umenishtua, bwana. Mwili huu mjinga, haujui kama tumeshazeeka."

Salha alikuwa akimtazama. Hakuitazama fimbo wala mimi.

"Babu Mbarouk," alisema, "alikungoja muda gani?"

"Nani?"

"Bi Zuwena. Alipokuuliza."

"Muda gani tena? Mpaka nilipojibu. Watu wanapiga kelele, wananitupia maganda, yeye kasimama tu."

Salha alichukua mkoba wake, akajifunga mtandio, akatoka. Nilimsikia akifungua lango. Fimbo zote mbili zilibaki kwangu.

Nikazikunja nizivunje, hazikuvunjika, mpera mbichi hauvunjiki. Nikazitia kwenye seredani. Hazikushika moto, zilifuka tu, moshi mzito, wenye harufu ile ile, ukajaa uani mpaka machozi yakatutoka. Mbarouk alikohoa sana. Nilimwambia aende ndani.

"Nshazoea," alisema, akasogeza kiti chake, akakaa nao mpaka zikamalizika.